Chuo Kisicho na Mahali pa Kujificha

Guildford, Sydney, Ijumaa alasiri

Mwanangu Faraja,

Mama yako amekwenda zamu hospitalini Westmead, na wewe umetoka kwenda kuagana na wenzako Parramatta. Nyumba iko kimya. Nimekaa jikoni, kwenye kiti chako, kwa sababu ndicho kinachopata mwanga wa dirisha saa hizi. Kabla ya kutoka, mama yako alisimama mlangoni, mkoba begani, akaniambia, "Kama kinywa kimekataa, basi andika. Wewe si mwalimu?" Sikumjibu. Wiki hii simjibu mtu. Lakini alipokwisha kufunga mlango nilitafuta kalamu.

Sitakuandikia habari za blanketi, wala dawa ya kikohozi, wala kupiga simu kila Jumapili. Hayo mama yako ameshayasema, tena ameyarudia, na baridi ya huko itakukumbusha yaliyobaki. Nataka kukuandikia juu ya chuo unachokwenda, jinsi nilivyokiona mimi, na kwa nini kinanitia hofu. Nikiweza kulieleza hilo vizuri, nitakuwa nimekueleza pia kwa nini tangu Jumapili sijaitikia shikamoo yako.

Umeniamkia kila asubuhi. Jumatatu uliniamkia ukipaka mkate siagi, nami nikageukia birika. Jumanne uliniamkia mlangoni. Jumatano, baada ya kuniamkia, ulisimama kidogo, na ingawa nilikuwa nimekupa mgongo nilisikia kwamba unangoja. Jana uliisema salamu taratibu, kama mtu anayewasha taa aliyokwisha kuambiwa kuwa imeungua. Leo hukuniamkia. Ulipita na kikombe chako ukasema "Morning", nayo haikuwa yangu, ilikuwa ya chumba kizima. Kisha nikakusikia ukimkumbusha baba yako mdogo Eliya kwenye simu kwamba ni yeye atakayekupeleka chuoni kesho.

Nimewafundisha watoto wengi kwamba mdogo ndiye anayemwamkia mkubwa, na mkubwa huitikia. Sikuwahi kuwafundisha mkubwa afanye nini siku mdogo anapoacha. Tangu asubuhi ninalo jibu lisilo na salamu, na sijui nilipeleke wapi.

Turudi kwenye chuo.

Tulikwenda pamoja, wewe na mimi, siku walipowafungulia wageni milango. Tulivuka milima, tukayaacha magorofa na maduka, tukaingia katika nchi ya kondoo na nyasi za rangi ya mkate. Uliponiambia tumefika nilikuuliza chuo kiko wapi, kwa sababu lile jengo la mawe nililidhania kanisa la kijiji, na zile nyumba za matofali nilizidhania nyumba za wafanyakazi. Kumbe ndicho chenyewe. Jengo la madarasa, maktaba yenye jiko la kuni la kupashia joto, mabweni, ukumbi wa chakula, na bustani ya mboga ambayo wanafunzi huipalilia wenyewe. Mtu akipiga kelele langoni, anasikika hadi ua wa nyuma.

Nilisoma kila bango walilobandika. Unanijua, siwezi kupita mbele ya maandishi bila kuyasoma. Ni chuo binafsi, si cha serikali. Kilianzishwa na watu wachache waliotaka vijana wao wasome kwa utulivu, na hadi leo kinaishi kwa karo na kwa michango ya wale waliosoma hapo zamani. Wanafunzi wote wanaenea katika ukumbi mmoja wa chakula, nao hula pamoja na walimu wao. Elimu yao wanaiita elimu huria, maana yake elimu isiyomfunga mtu katika kazi moja. Miaka ya mwanzo wote husoma mambo yaleyale: falsafa, historia, hesabu, fasihi, elimu ya nyota, muziki. Mtoto wa mkulima na mtoto wa wakili husoma kitabu kimoja katika wiki moja. Baadaye kila mmoja huchagua jambo analotaka kulichimba zaidi. Uuguzi haupo. Uhasibu haupo. Uhandisi haupo.

Darasani mwalimu hahutubii. Wanafunzi huizunguka meza, nao ni wachache kiasi kwamba mmoja asipokuja, nafasi yake huonekana kama pengo la jino. Mwalimu huuliza swali, kisha hunyamaza. Hakuna anayejua nani atakayejibu. Na mwisho wa mwaka kila mwanafunzi huingia peke yake mbele ya walimu kadhaa, hana karatasi, hana jirani, naye huulizwa anafikiri nini.

Wageni wengine waliyasikia hayo wakafurahi. Baba mmoja aliyekuwa karibu yangu alimwambia mkewe kwamba hapa mtoto wao hatapotea. Mimi nilisimama palepale nikiwaza kwamba hapa mtoto wangu hatapata mahali pa kujificha.

Usicheke. Mimi nilisoma katika darasa ambalo dawati la wawili lilikaliwa na watatu, na waliochelewa walisomea dirishani. Tulijua kujificha kama tulivyojua kusoma. Nilijua kumtafuta mwenzangu mwenye mabega mapana na kukaa nyuma yake. Nilijua namna ya kuinamia daftari mwalimu anapotafuta mtu wa kumuuliza, nisiiname mno, maana anayeinama mno huonekana. Aliyeulizwa akakosea alichapwa, na aliyeulizwa akapatia sana alichukiwa. Usalama ulikuwa katika wingi. Nikuambie kweli, hata hapa Sydney, ninaposhuka kwenye treni Lidcombe wakati watu wamejaa, moyo wangu hutulia. Hakuna anayenitazama.

Katika picha zilizokuwa ukutani kwenye ukumbi wao nilitafuta uso unaofanana na wako. Nilimwona binti mmoja tu, katika picha ya zamani, mwisho wa mstari. Nilitaka kuuliza alikwenda wapi baada ya hapo. Niliogopa jibu, sikuuliza.

Kisha akaja yule mwalimu mwenye mvi, aliyevaa mabuti ya mvua kana kwamba ametoka kukamua ng'ombe. Aliniambia nimwite Helen. Sikuweza. Nilimwita Madam, akacheka, akaacha. Alitukalisha penye meza mojawapo, akakuuliza wewe, si mimi, ni kitabu gani kilichokukasirisha mwaka huu.

Kabla hujavuta pumzi nilimjibu. Nilimwambia kwamba binti yangu hakasirishwi na vitabu. Huvisoma, huvimaliza, na huvirudisha maktaba kwa wakati.

Alinisikiliza hadi mwisho, akaitikia kwa kichwa kwa adabu kabisa. Kisha akakugeukia. "Na wewe?"

Ukanitazama.

Faraja, huenda umeusahau mtazamo huo, mimi sijausahau. Ulikuwa mtu mzima, mrefu kuliko mama yako, nawe ulikuwa unaomba ruhusa ya kusema ulichokisoma mwenyewe. Sikukupa, wala sikukunyima. Nilitazama kondoo dirishani. Basi ukasema. Ulisema kwa Kiingereza chenu cha haraka, mikono inapaa, na mengine yalinipita. Nilichokielewa ni kwamba kitabu hicho kilikukasirisha kwa sababu mwandishi alimuua mtumishi ili bwana wake apate kujifunza jambo. Yule mama akaegemea meza akakubishia. Nawe ukambishia. Mtu mwenye mvi! Nilitaka kukukanyaga mguu chini ya meza, lakini mguu wangu haukufika.

Tulipoaga nilimvuta kando, nikamwambia kwamba nami ni mwalimu, nikamuuliza, "Mwanafunzi akitoka hapa, anakuwa nani?"

Akasema, "Sijui. Wewe ulipoanza kufundisha, ulijua kwamba siku moja ungesimama hapa?"

Niliudhika hadi tukateremka milima. Ulidhani nimechoka kuendesha.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Mama Njeri alinikuta kwenye maegesho ya magari nikitafuta funguo. Unamjua, hakuna habari inayompita. "Mwalimu! Nimeskia Faraja amepata chuo. Anaenda kufanya nini, nursing?"

Nikamwambia ndiyo.

Sikupanga kumwambia hivyo. Nilikuwa na njaa, na nilijaribu kutafuta njia ya kumweleza habari za meza, na nyota, na swali la mwalimu anayenyamaza, nikaona kila neno linaloweza kunisaidia linazaa swali jingine. Wote tunaosali pale, aliyevaa viatu vya zamu ya hospitali na anayesubiri kuvivaa, tunalijua neno uuguzi. Mtu akilisema, anayeuliza huridhika, humshukuru Mungu, huenda zake. Mama Njeri aliridhika, akamshukuru Mungu, akaenda zake, na kufikia mlango wa kanisa alikuwa amewaambia watu.

Nilidhani nitalirekebisha baadaye. Lakini watu wakaanza kunipongeza, na nikaona kwamba naupenda mkono wa pongezi kuliko nilivyotarajia.

Nawe unajua jinsi tunavyomsindikiza mtoto. Mtoto anayeondoka haondoki kwa wazazi wake peke yao. Wote waliompakata wanataka kujua anakwenda kuwa nani, na wanataka kuwa na mkono wao ndani ya sanduku lake. Kwa hiyo Jumapili iliyopita, katika ukumbi wa kanisa pale Lidcombe, baada ya pilau na ndizi, Mama Njeri alisimama na boksi lililofungwa utepe.

"Faraja, kuja hapa mbele. Usione haya. Sisi mama zako tumekuona toka ukiwa hivi," akaonyesha kimo cha kiti. "Ukienda huko usitusahau. Uzeeni ni wewe utatudunga sindano, na utudunge polepole!"

Watu wakacheka. Ukalipokea boksi kwa mikono miwili, ukapiga goti kidogo kama nilivyokufundisha. Ndani mlikuwa na viatu vyeupe vya wauguzi na kile kifaa cha kusikilizia moyo. Ukavitazama. Safari hii hukunitazama mimi. Nilingoja unitazame, ningekukonyeza, ningekuonyesha kwa macho kwamba ushukuru ukakae. Hukunipa nafasi.

Ukasema, kwa Kiswahili, "Shikamooni. Asanteni sana, mama zangu. Lakini mimi siendi kusomea uuguzi. Baba alikosea kuwaambia. Siwezi kuchukua hivi vitu."

Miaka yote nimekuomba uzungumze Kiswahili, nawe hunijibu Kiingereza. Hotuba yako ya kwanza ya Kiswahili mbele za watu ikawa hiyo.

Nimeyarudia maneno yako mara nyingi wiki hii. Ungeweza kusema nilidanganya. Ulisema nilikosea. Nililiona hilo siku hiyohiyo, palepale, na bado nilikasirika.

Watu wakaanza kutazama sahani zao. Aliyetuokoa ni mzee Bosco, yule jirani yetu Mrundi. Alijivuta mbele kwenye kiti chake. "Sasa, ma fille, binti yangu, hiyo shule inafundisha nini?"

Ukamweleza. Nilishangaa jinsi ulivyoeleza vizuri, kwa maneno machache, jambo lililonishinda mimi kwenye maegesho.

"Munakaa ku meza?"

"Ndiyo, babu."

"Munasoma kitabu, halafu munabishana?"

"Ndiyo."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka kipindi kiishe."

"Aa! Hiyo mimi nafanya kila siku na bibi yangu, na sijapata diplôme!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na mkewe akampiga kwa kitambaa cha meza. Mama Njeri naye alicheka, lakini macho yake yalikuwa kwangu. "Kwa hivyo Mwalimu alituchezea? Hata wewe, Mwalimu?" Kisha akalichukua boksi mikononi mwako. Kile kifaa alikitoa, viatu akaviacha, akakurudishia. "Hivi beba tu. Baridi haijui umesomea nini."

Watu hao nimewasahihisha kwa miaka mingi. Nimewasahihisha wakisoma matangazo, nimewasahihisha watoto wao katika darasa la Kiswahili kila Jumamosi, nimemsahihisha hata mchungaji. Njiani kurudi nyumbani mama yako aliimba kidogo, akaacha. Asubuhi yake uliniamkia, nami nikageukia birika.

Ulidhani nimekasirika kwa sababu ya aibu. Mama yako pia anadhani hivyo. Aibu ilikuwapo, sikatai, lakini aibu ningeimeza pamoja na chai. Kilichonifunga kinywa ni kingine, nacho hujawahi kukisikia kwangu. Ulipokuwa mdogo uliniuliza kwa nini niliacha kufundisha katika shule nzuri ya mjini nikaenda kufundisha kule ambako hata lori halifiki. Nilikujibu kwamba ulikuwa uhamisho wa kawaida. Haukuwa wa kawaida.

Tulikuwa katika mkutano wa walimu. Mkuu wa shule alisoma majina ya wasichana waliofanya vibaya katika mtihani wa majaribio, akasema majina hayo yaondolewe kwenye orodha ya mtihani wa mwisho ili wasije wakaharibu matokeo ya shule. Wasichana wenyewe walikuwa nje wakifagia uwanja. Tuliwasikia kupitia dirisha. Nilisimama. Sikuwa mtu wa kusimama, nimekueleza jinsi nilivyokua, na hadi leo sijui miguu yangu ilipata wapi amri hiyo. Nilisema kwamba jambo hilo si haki, na kwamba mimi sitamwondoa mwanafunzi wangu hata mmoja.

Hakuna aliyenigombeza. Mkutano ukaisha, chai ikaletwa. Bakuli la sukari likaanza kuzunguka mezani kama kawaida, kutoka mkono hadi mkono, na lilipofika kwa mwenzangu niliyetumia naye meza moja, niliyekuwa nimemsimamia harusi yake, alilipitisha mbele ya kifua changu akampa aliyekuwa upande wa pili. Hakunitazama. Nilikunywa chai ile bila sukari, na mpaka uhamisho wangu ulipotoka nilikunywa bila sukari, kwa sababu sikutaka kuinyoosha mikono nikaomba.

Mama yako alikuwa na mimba ya kaka yako. Tulihamia huko akiwa mzito. Wakati ulipofika mvua ilikuwa imeikata njia, na hospitali ilikuwa mbali. Yaliyobaki unayajua, maana mama yako hukueleza habari za kaka yako kila mwaka. Hakukueleza tu kwa nini tulikuwa huko.

Miaka yote nimejiuliza ingekuwaje kama ningebaki nimekaa. Wale wasichana walifanya mtihani, na baadhi yao walifaulu. Mmoja alinitafuta miaka mingi baadaye kuniambia kwamba anafundisha. Na kaka yako hayupo. Siwezi kuyaweka mambo haya mawili pamoja nikayapima. Nimejaribu, hayapimiki. Sitakuambia kwamba nilifanya vyema, wala sitakuambia kwamba nilifanya vibaya. Ninajua tu kwamba tangu siku hiyo sijasimama tena katika mkutano wowote. Nguvu zangu zote nilizihamishia kwenye kusahihisha. Mtu akikosea sentensi unaweza kumrekebisha mbele ya kila mtu, naye atakushukuru, na hakuna atakayekuhamisha.

Na wewe ulipozaliwa, nilikulea usisimame. Huo ndio ukweli. Nilikuambia ni heshima, na heshima ilikuwamo, lakini hofu ilikuwamo zaidi. Usiwatazame wakubwa machoni. Usijibu kabla hujaulizwa. Ukiulizwa, mwangalie baba yako kwanza. Nilidhani ninakujengea ukuta.

Basi nilipokuona pale Lidcombe na boksi mikononi, ukisema kweli mbele ya watu waliokupenda, kwa sauti ambayo haikutetemeka, sikumwona binti yangu aliyenivunjia heshima. Nilimwona mtu anayesimama kama mimi nilivyosimama. Nilingoja sukari ikupite. Halafu, Faraja, watu walicheka, wakakupa viatu, na aliyeipitisha sukari mbele yako nikawa mimi.

Sasa unakwenda mahali ambapo kusimama ndiyo kazi ya kila siku. Ninaogopa. Ninaogopa kwamba utasema jambo katika meza ile, kisha jioni utaingia katika ukumbi wa chakula wenye watu walewale, na kesho yake walewale, na hutakuwa na umati wa kujichanganya nao hadi wasahau. Katika mahali padogo watu hawasahau. Ninaogopa kwamba watakuuliza mambo ya Afrika kana kwamba umeibeba yote kwenye begi, wewe uliyezaliwa hapa ukakulia Guildford. Usiku mwingine ninaogopa jambo la kijinga kabisa, kwamba wale wazee wanaokichangia chuo watachoka au watakufa, na utarudi na nusu ya elimu ambayo hata ikiwa nzima siwezi kuieleza kwa watu.

Na ninaogopa siku utakayorudi likizo. Utakaa kwenye kiti hiki, mimi nitasema jambo ambalo nimelisema maisha yangu yote, nawe utaniuliza kwa upole, "Baba, umejuaje?" Nami nitatafuta jibu, na nitakuta kwamba sina jibu isipokuwa kwamba mimi ni baba yako. Zamani jibu hilo lilitutosha sote wawili.

Sina mashauri mengi. Ninayo machache niliyoyalipia. Ukisema jambo, usihesabu waliokubali. Tazama nani anayekaa karibu nawe wakati wa kula. Na mwingine akisema jambo, akaachwa peke yake, mpelekee chai, hata kama unaona kwamba amekosea. Hasa ukiona kwamba amekosea. Usimwache mtu anywe peke yake kwa sababu ya maneno aliyoyasema. Mimi nilifanyiwa hivyo, nikajua uchungu wake, na wiki hii nimekufanyia wewe jikoni kwangu, asubuhi baada ya asubuhi. Mtu anaweza kulijua jambo kwa mwili wake wote na bado akalitenda. Hilo sikulisoma popote.

Na kunyamaza pia si dhambi. Kama siku moja mwalimu atauliza swali lake, nawe ukaona huna la kusema, nyamaza bila kuinama. Kunyamaza nikiwa nimeinua kichwa, mimi sikuweza.

Mchana nilimpigia simu baba yako mdogo.

"Eliya, kesho usije."

"Kwa nini, kaka? Mtoto ameniomba."

"Nitampeleka mwenyewe."

Nikamsikia anacheka. "Haya. Maana hata mafuta sijaweka."

"Umemwahidi mtoto safari ndefu namna hiyo, hujaweka mafuta?"

"Nilimwahidi. Lakini ninakufahamu, kaka. Nilisema nitakungoja mpaka jioni. Jioni ikipita, ndiyo niende kuweka."

Nilimkaripia. Aliendelea kucheka, akaniambia nikupe salamu zake na nisikupigie hotuba njiani.

Kwa hiyo kesho ni mimi. Nimekaa hapa nikifikiri juu ya hiyo asubuhi. Mwanzoni nilitumaini kwamba utatoka na begi lako, utasema shikamoo, nami nitaitikia kwa sauti kubwa, na mambo yatakuwa yamekwisha. Lakini hilo ni kukuachia wewe kazi yangu. Umeshaniamkia vya kutosha. Ningeweza pia kuliandika hapa jibu lenyewe, mwisho wa ukurasa, nikaondoka. Karatasi haina uso, ningeponea humo.

Nitakuwa garini kabla hujatoka. Ukifungua mlango nitaanza mimi. Nitasema, "Hujambo, Faraja." Huenda utajibu. Huenda utavaa vile visikilizio vyako vya masikioni na kutazama nje ya dirisha, na hiyo ni haki yako, nami sitasema kwamba nimeudhika. Njia ya kuvuka milima ni ndefu. Nitaendesha polepole, na kila tutakaposimama nitakusalimu tena.

Baba yako